Eda ya Muunganisho: Historia ya Hali ya Mshindano katika Uhitimishaji wa Miunganisho ya Mtandao, 1974–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tatizo linaloonekana dogo lakini lenye matokeo mazito: namna kompyuta mbili zinavyohitimisha mazungumzo yao mtandaoni, na namna kiini cha mfumo endeshi kinavyoondoa kumbukumbu za mazungumzo hayo bila kumdhuru yeyote ambaye bado anazitumia. Tukianzia rasimu za kwanza za itifaki ya TCP katika miaka ya 1970 hadi maandishi yake mapya ya mwaka 2022, tunaonesha kwamba wataalamu walianza kwa kudhani kuwa mwisho wa muunganisho ni tukio la mara moja, kisha wakalazimika hatua kwa hatua kukiri kuwa mwisho huo ni kipindi chenye masharti yake. Tunatumia dhana ya eda kuelezea kipindi hicho. Tunahitimisha kwamba makosa mengi makubwa ya eneo hili yalitokana na kukatiza kipindi hicho au kusahau kwamba kipo.

1. Utangulizi

Watu wawili wanaoheshimiana hawakati simu ghafla. Mmoja husema, "Haya basi." Mwenziwe hujibu, "Haya, wasalimie." Wa kwanza hurudia, "Haya, zimefika, kwaheri," na wa pili naye hana budi kujibu. Kila kwaheri inadai kwaheri nyingine, na mwishowe mmoja hukata bila kuwa na yakini kwamba neno lake la mwisho limesikika. Binadamu hulivumilia jambo hili kwa sababu hakuna kinachoharibika. Kompyuta haina uvumilivu huo. Ikikata mapema, ujumbe uliokuwa njiani hupotea au humfikia asiyehusika. Ikichelewa kukata, kumbukumbu yake hujaa mabaki ya mazungumzo yaliyokwisha.

Katika maandishi mengi kuhusu historia ya intaneti, sifa huelekezwa kwenye kufungua: namna mashine mbili zilivyojifunza kusalimiana na kuanza kuzungumza. Makala haya yanageuza macho upande wa pili. Hoja yetu ni kwamba kuagana kumekuwa kugumu kuliko kusalimiana, na kwamba ugumu huo ulijitokeza mara mbili: kwanza baina ya mashine mbili zilizo mbali, kisha ndani ya mashine moja yenye prosesa nyingi. Suluhisho lililopatikana katika nafasi zote mbili lilikuwa na umbo moja, ingawa waliolibuni hawakuwa watu wale wale.

2. Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutatua tatizo la lugha. Kitenzi "kufunga" katika Kiswahili kinabeba maana nyingi: kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga saumu. Katika mada hii kingebeba maana mbili zinazogongana, yaani kumaliza muunganisho na kutia kufuli ili mwingine asiingie. Kwa kuwa historia tunayoisimulia inahusu kumaliza muunganisho huku ukiwa, au bila ya kuwa, umetia kufuli, tutatumia "kuhitimisha" kwa maana ya kwanza na "kutia kufuli" kwa maana ya pili.

"Kiini" ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kumbukumbu, muda wa prosesa na njia za mtandao kwa programu zote. "Soketi" ni kumbukumbu ndani ya kiini inayowakilisha upande mmoja wa muunganisho. "Hali ya mshindano" ni pale ambapo matokeo ya kazi hutegemea ni nani kati ya watendaji wawili amewahi, bila ya yeyote kati yao kudhibiti mpangilio huo. Wazo hili ni la zamani kuliko mitandao: David Huffman alilijadili mwaka 1954 katika saketi za swichi, na Edsger Dijkstra mwaka 1965 alichapisha suluhisho la namna watendaji wengi wanavyoweza kupishana kwenye sehemu moja isiyoruhusu zaidi ya mmoja kwa wakati.

Istilahi ya nne ni "eda". Katika jamii za Waislamu wa pwani na bara, mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi kabla ya kuolewa tena, na aliyeachwa naye ana eda yake. Eda ina maana pana za kiibada na za heshima kwa marehemu, ambazo hatukusudii kuzigusa. Tunaazima upande wake mmoja tu: kipindi kinachotenganisha ndoa iliyokwisha na ndoa mpya ili nasaba isichanganyike. Kama itakavyoonekana, itifaki ya TCP ina kipindi cha namna hiyo, na sababu yake ni ile ile ya kuzuia cha zamani kisihesabiwe kuwa cha kipya.

3. Kuagana kusikokamilika, 1974–1981

Mwezi Mei 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala yaliyoweka msingi wa kuunganisha mitandao tofauti. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Cerf, Yogen Dalal na Carl Sunshine walitoa maelezo ya kwanza ya kina ya itifaki hiyo. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba pakiti inaweza kupotea, kuchelewa, au kufika mara mbili. Kwa hiyo pande mbili haziwezi kuanza kuzungumza kwa neno moja. Mwaka 1975 Ray Tomlinson alieleza namna ya kuchagua namba za mfuatano, na kutokana na kazi hiyo ulithibitika utaratibu wa kusalimiana kwa hatua tatu.

Mwaka huo huo wa 1975, E. A. Akkoyunlu, K. Ekanadham na R. V. Huber walionesha kikomo ambacho hakiwezi kuvukwa. Ikiwa njia ya mawasiliano inaweza kupoteza ujumbe, pande mbili haziwezi kamwe kufikia yakini ya pamoja kwamba zimekubaliana jambo. Mwaka 1978 Jim Gray alilipa tatizo hili sura ya majemadari wawili waliotenganishwa na bonde lenye adui, kila mmoja akituma mjumbe ambaye huenda asifike. Ujumbe wa mwisho, uwe wa ngapi, daima hubaki bila uthibitisho.

Wakati wa kusalimiana, kikomo hiki hakiumizi sana, kwa sababu mazungumzo yanayofuata yenyewe huthibitisha kwamba salamu zilifika. Wakati wa kuagana hakuna kinachofuata. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kuagana kuwa kugumu, nayo ilijidhihirisha katika waraka rasmi wa TCP, RFC 793, uliohaririwa na Jon Postel na kutolewa Septemba 1981. Waraka huo unaorodhesha hali 11 ambazo muunganisho unaweza kuwamo. Ukiondoa hali ya kutokuwapo kabisa na ile ya kuwa katika mazungumzo, zinabaki tisa. Kati ya hizo, tatu ni za kufungua na sita ni za kuhitimisha. Hesabu hii peke yake inatosha kuonesha mzigo ulikuwa wapi.

Mojawapo ya hali hizo sita iliwekwa kwa ajili ya mshindano: pale pande zote mbili zinapoamua kuaga kwa wakati mmoja, na kwaheri zao zikapishana njiani. Postel na wenzake hawakujaribu kuzuia tukio hilo. Walilipa jina na njia yake ya kutokea, ili kila upande ukipokea kwaheri ya mwenziwe huku ukisubiri jibu la kwake ujue la kufanya. Huu ni uamuzi wa busara ambao, kama tutakavyoona, waandishi wa kiini walichukua muda mrefu kuufikia.

4. Eda, na waliotaka kuifupisha

Hali ya mwisho kati ya zile sita ndiyo tunayoiita eda. Upande ulioanza kuaga, baada ya kupokea kwaheri ya mwenziwe na kuijibu, hauruhusiwi kusahau muunganisho mara moja. Unakaa kwa muda ulio mara mbili ya umri wa juu kabisa wa pakiti mtandaoni. RFC 793 ilikadiria umri huo kuwa dakika 2, hivyo eda ni dakika 4. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za leo, hutumia sekunde 60.

Sababu za eda ni mbili. Ya kwanza ni hisani kwa upande wa pili: jibu la mwisho likipotea, mwenzio ataaga tena, na ni lazima awepo wa kumjibu. Ya pili ndiyo inayohalalisha jina tulilolichagua. Muunganisho hutambulishwa na anwani mbili na namba mbili za poti. Namba hizo zikitumika mara moja kwa muunganisho mpya, pakiti iliyochelewa ya muunganisho wa zamani inaweza kufika na kupokewa kana kwamba ni ya mpya. Data ya mazungumzo yaliyokufa itaingia katika mazungumzo yaliyo hai, na hakuna atakayejua nasaba yake.

Eda ina gharama. Katika miaka ya 1990, wavuti ulipoenea, kila waraka ulioombwa kwa toleo la kwanza la itifaki ya wavuti ulifunguliwa kwa muunganisho wake, na kwa kawaida seva ndiyo iliyoaga kwanza. Kwa hiyo seva zenye shughuli nyingi zilijikuta zimebeba maelfu ya miunganisho iliyokwisha lakini bado imo edani. Wasimamizi walitafuta njia za kuifupisha.

Hatari ya kuifupisha ilikwisha elezwa. Mei 1992 Bob Braden alitoa RFC 1337, iliyoonesha kuwa eda inaweza kukatizwa hata bila ya mtu kukusudia. Pakiti ya zamani iliyorudufika hufika kwa upande ulio edani. Upande huo hujibu kama kawaida. Jibu linamfikia mwenziwe ambaye amekwisha kusahau kila kitu, naye, kwa kutomtambua anayemjibu, hutuma amri ya kuvunja. Amri hiyo ikimfikia aliye edani, eda huvunjika papo hapo. Braden alipendekeza hatua rahisi: aliye edani apuuze amri ya kuvunja.

Somo hilo halikuzuia majaribio mengine. Kwa miaka mingi Linux ilikuwa na chaguo lililoitwa tcp_tw_recycle, lililoharakisha mwisho wa eda kwa kutegemea mihuri ya muda iliyomo katika pakiti. Lilidhani kwamba anwani moja ni mashine moja yenye saa moja. Dhana hiyo ilikuwa imepitwa na wakati. Mitandao ya simu, ikiwemo ya Afrika Mashariki, huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Seva iliyowasha chaguo hilo iliona mihuri ya saa tofauti kutoka anwani moja, ikadhani kwamba pakiti za baadhi ya wateja ni za zamani, na kuzitupa kimyakimya. Mteja aliona tovuti haifunguki, huku jirani yake aliye kwenye mtandao ule ule akiifungua bila shida. Chaguo hilo liliondolewa kabisa katika Linux 4.12, mwaka 2017. Walioathirika zaidi walikuwa ni wale wasio na anwani zao wenyewe.

5. Ndani ya kiini: kutoka prosesa moja hadi kufuli moja

Kufikia hapa tumezungumzia mashine mbili. Mshindano wa pili ulizuka ndani ya mashine moja. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamia rasmi kwenye TCP/IP, na Agosti mwaka huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa 4.2BSD, mfumo wa Unix wenye soketi kama tunavyozijua. Kompyuta za wakati huo kwa kawaida zilikuwa na prosesa moja. Kiini cha Unix hakikuruhusu programu moja inyang'anywe prosesa ikiwa katikati ya kazi ya kiini. Mshindani pekee alikuwa ni kadi ya mtandao, ambayo ingeweza kukatiza kazi wakati wowote ili kuleta pakiti. Dawa ilikuwa nyepesi: kabla ya kugusa soketi, kiini kilizuia makatizo ya mtandao kwa muda mfupi, kisha kikayaruhusu tena. Aliyekuwa akihitimisha muunganisho alikuwa na hakika kwamba kwa kitambo kile yuko peke yake.

Prosesa zilipoongezeka, hakika hiyo iliondoka. Kuzuia makatizo kwenye prosesa moja hakuizuii ya pili. Linux 2.0, iliyotolewa Juni 1996, ilikabili jambo hili kwa kufuli moja kubwa la kiini kizima: prosesa mbili zinaweza kuendesha programu, lakini ni moja tu iwezayo kuwa ndani ya kiini. Usalama ulirejea kwa kurejesha upweke. Mwaka 1999 majaribio ya kampuni ya Mindcraft, yaliyogharimiwa na Microsoft na kubishaniwa sana, yalionesha kwamba seva ya Linux yenye prosesa nne na kadi nne za mtandao haikufaidika na wingi huo kama ilivyotarajiwa. Kazi za mtandao zilikuwa zikipanga foleni mbele ya mlango mmoja.

Linux 2.4, iliyotoka Januari 2001, ilikuja na mfumo wa mtandao ulioandikwa upya kwa kiasi kikubwa na David Miller na Alexey Kuznetsov ili pakiti zishughulikiwe na prosesa nyingi kwa pamoja. Kila soketi ikawa na kufuli yake. Kufuli kubwa lenyewe liliendelea kumenywa kidogo kidogo hadi mabaki yake yalipoondolewa katika toleo la 2.6.39, Mei 2011.

Ni katika hatua hii ambapo kuhitimisha kulibadilika sura. Hebu tufuate kinachotokea programu inapoomba muunganisho wa TCP uhitimishwe katika Linux. Kwanza inatia kufuli kwenye soketi. Pakiti ikifika wakati huo, haiwezi kusubiri mlangoni, kwa sababu kazi ya kupokea pakiti hairuhusiwi kulala. Basi inawekwa kwenye foleni ya pembeni ili mwenye kufuli aishughulikie kabla ya kuondoka. Pili, kabla ya kuiachilia, kiini huongeza moja kwenye hesabu ya watumiaji wa soketi, ili mtu mwingine asije akaifuta chini ya miguu yake. Tatu, soketi hutangazwa kuwa yatima, na hili ndilo neno lililotumika katika msimbo wenyewe: haina tena programu inayoimiliki. Nne, pakiti zilizokuwa kwenye foleni ya pembeni hushughulikiwa. Hatua ya tano ndiyo yenye funzo. Kiini hujiuliza: je, soketi hii iliyokuwa hai nilipoanza, imekwisha kufa wakati nikishughulikia pakiti hizo? Kama imekwisha kufa, kiini hakirudii kuizika. Kinaondoka tu.

Swali hilo la hatua ya tano ni ungamo. Aliyeandika mstari ule alikubali kwamba hata akiwa ameshika kufuli, hawezi kudhani kuwa ulimwengu haukubadilika tangu alipoutazama mara ya mwisho. Kama Postel alivyowapa njia wanaoaga kwa pamoja, hapa pia mshindano umepewa mlango wake.

6. Kuhitimisha bila kufuli

Kufuli, hata zikiwa ndogo, zina gharama. Kila pakiti inapofika, kiini hutafuta soketi yake katika jedwali kubwa lenye orodha nyingi fupi. Kama kila mtafutaji atatia kufuli, prosesa nyingi zitasubiriana kwa kazi ya kusoma tu.

Njia ya kutoka ilianzia kampuni ya Sequent, ambako Paul McKenney na John Slingwine walieleza, katika makala ya mwaka 1998, mbinu waliyoitumia katika mfumo wa DYNIX/ptx. Mbinu hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama RCU, iliingia Linux katika toleo la majaribio la 2.5.43, Oktoba 2002. Wazo lake ni hili: msomaji hatii kufuli yoyote. Anayetaka kuondoa kitu hukitoa kwanza kwenye orodha, ili wasomaji wapya wasikione. Kisha anasubiri hadi wasomaji wote waliokuwa wamekwisha kuingia watoke. Hapo ndipo anapofuta kumbukumbu. Msomaji aliyeingia baadaye hahesabiwi, kwa kuwa hakuwahi kukiona kitu hicho. Hii nayo ni eda. Tofauti ni kwamba TCP hukadiria muda kwa saa, ilhali RCU huhesabu mashahidi.

Mwishoni mwa mwaka 2008 Eric Dumazet aliandika mabadiliko yaliyoleta mbinu hii katika majedwali ya UDP na TCP, nayo yakatoka katika Linux 2.6.29 mwaka uliofuata. Ugumu wake unastahili kuelezwa. Miunganisho mingi huishi kwa muda mfupi sana, na kusubiri eda kamili kwa kila mmoja kungelimbikiza kumbukumbu nyingi zisizotumika. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba kumbukumbu ya soketi iliyokufa inaweza kutumika mara moja kwa soketi nyingine ya aina ile ile. Kilichohakikishwa ni kwamba mahali hapo patabaki kuwa pa soketi. Haikuhakikishwa kwamba patabaki pa soketi ile ile.

Msomaji basi huishi katika ulimwengu wa mashaka, na msimbo unamtaka athibitishe mambo matatu. Kwanza, akipata soketi anayoitafuta, aongeze hesabu ya watumiaji kwa sharti kwamba hesabu hiyo haijafika sifuri. Ikiwa sifuri, soketi imekufa na haifufuliwi. Pili, baada ya kuishika, alinganishe upya anwani na poti, kwani huenda kati ya kuiona na kuishika imekuwa soketi ya mtu mwingine. Tatu, akifika mwisho wa orodha bila kupata kitu, atazame alama ya mwisho. Alama hiyo hubeba namba ya orodha. Kama namba si ya orodha aliyoanza nayo, maana yake ni kwamba njiani alikanyaga soketi iliyohamishiwa orodha nyingine, naye akachukuliwa nayo bila kujua. Basi anaanza upya.

Mbinu hii iliendelea kupanuliwa. Katika Linux 4.4, Januari 2016, hata soketi zinazosubiri wageni wapya ziliacha kuhitaji kufuli kwa kila anayebisha hodi.

7. Kasoro iliyolala miaka mitano

Nidhamu tuliyoieleza haikushikwa kila mahali. Mwaka 2011 Linux iliongezewa toleo la tatu la soketi za pakiti ghafi, zitumiwazo na programu za kuchunguza trafiki ya mtandao. Toleo hilo lilikuja na kipima muda, ambacho matoleo mawili ya awali hayakuwa nacho. Wakati wa kuhitimisha, msimbo uliuliza: soketi hii ni ya toleo gani? Kama ni la tatu, ulisimamisha kipima muda kisha ukafuta kumbukumbu. Kama ni la kwanza au la pili, ulifuta moja kwa moja, kwa kuwa hapakuwa na cha kusimamisha.

Kasoro ilikuwa kwamba uzi mmoja wa programu ungeweza kubadilisha namba ya toleo wakati uzi mwingine ukiwa katikati ya kuandaa kipima muda. Kufuli la pamoja halikuwapo. Mshindano ukienda vibaya, soketi ilibaki na kipima muda cha toleo la tatu huku ikijitambulisha kuwa ya toleo la kwanza. Ilipohitimishwa, kumbukumbu ilifutwa na kipima muda kikaachwa kikiendelea kuhesabu. Muda ulipotimia, kiini kilifuata anwani iliyokuwa ndani ya kumbukumbu ambayo sasa ilikuwa na mwenyewe mwingine. Mshambuliaji aliyeweza kuijaza kumbukumbu hiyo kwanza ndiye aliyeamua kiini kiende wapi, na hivyo kupata mamlaka yote ya mashine.

Philip Pettersson aliitangaza kasoro hii Desemba 2016, nayo ikapewa namba CVE-2016-8655. Ilikuwa imelala kwa miaka mitano. Marekebisho yake yalikuwa ya mistari michache: pande zote mbili zitie kufuli ile ile ya soketi, na namba ya toleo isibadilishwe ikiwa maandalizi yamekwisha kufanyika. Wengi walikuwa wameupitia msimbo ule bila kuiona, kwa sababu kila upande ukisomwa peke yake ni sahihi. Kosa lilikuwa katika nafasi iliyo kati yao.

Februari 2021 Alexander Popov alitangaza kasoro ya jamii hiyo hiyo, CVE-2021-26708, katika soketi zinazounganisha kompyuta pepe na mwenyeji wake. Safari hii kufuli lilikuwapo. Lakini mahali kadhaa msimbo ulikuwa umenakili anwani ya chombo cha usafirishaji kabla ya kutia kufuli, kisha ukaitumia baada ya kutia. Kati ya hatua hizo mbili chombo hicho kingeweza kuondolewa. Marekebisho yalikuwa kusogeza usomaji huo uje baada ya kufuli. Aliyeandika msimbo ule alilitenda lililo gumu na kusahau lile swali jepesi: nilichokiona kabla ya kuingia, je, bado kipo?

Athari za kasoro kama hizi haziko mbali na wasomaji wa juzuu hili. Simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux, kama zilivyo seva nyingi zinazohifadhi huduma za umma na za fedha. Kasoro ya mistari michache inaweza kumpa mgeni funguo za mashine inayotumiwa na wengi.

8. Kutoka jicho la msomaji hadi mashine ya kuwinda

Kwa kuwa kusoma msimbo hakukutosha, mkazo ulihamia kwenye zana. Linux 4.0, mwaka 2015, iliingiza KASAN, inayotambua kumbukumbu inapoguswa baada ya kufutwa. Katika kipindi hicho hicho Dmitry Vyukov wa Google alianzisha syzkaller, programu inayobuni maombi ya ovyo kwa mamilioni na kuyatuma kwenye kiini ili kukichokoza. Mwaka 2017 aina mpya ya kihesabu cha watumiaji ililetwa na kuwekwa katika soketi. Kihesabu cha zamani kingeweza kupita sifuri au kuzunguka kimya, ilhali hiki kipya hukataa na kupiga kelele. Mwaka 2020, Linux 5.8 iliongeza KCSAN, inayowinda mishindano yenyewe kabla haijaleta madhara.

Zana hizi ni muhimu, lakini zina mpaka. Zinaonesha kwamba wawili wamegongana. Haziamui ni nani alipaswa kusubiri. Uamuzi huo hubaki kwa mwandishi wa msimbo, naye huufanya kwa kujua nani anamiliki kitu, nani anakiazima, na ni lini mwazimaji wa mwisho anaondoka.

9. Hitimisho

Agosti 2022 waraka mpya wa TCP, RFC 9293, ulichukua nafasi ya ule wa 1981. Hali 11 zimebaki zile zile, na sita za kuhitimisha zimo zote. Baada ya miaka 41 hakuna aliyepata njia ya kuagana kwa neno moja.

Historia hii inatupa matokeo mawili. La kwanza ni la kihistoria. Simulizi la kawaida la maendeleo ya mifumo husema kwamba wataalamu waliondoa kusubiri ili kupata kasi. Ushahidi tulioupitia unaonesha vingine. Walipoondoa kusubiri kwa kufuli, walilazimika kuweka kusubiri kwa namna nyingine: eda, hesabu ya watumiaji, au kuuliza upya. Kila palipoondolewa kusubiri bila kuwekwa mbadala, kama katika tcp_tw_recycle na katika soketi za pakiti ghafi, madhara yalifuata, wakati mwingine baada ya miaka mingi.

Tokeo la pili ni la kiistilahi. Somo la mifumo endeshi katika vyuo vyetu vingi hufundishwa kwa lugha ambayo mwanafunzi ameikuta shuleni, na dhana hizi humfikia kama orodha ya majina ya kukariri. Lakini eda, yatima, kumiliki, kuazima na kubisha hodi si maneno mageni kwake. Mwanafunzi anayejua kwa nini eda haikatizwi ameshaelewa nusu ya tatizo kabla ya kuona mstari mmoja wa msimbo. Tunapendekeza kwamba "eda ya muunganisho" itumike kwa kipindi kile cha mwisho cha TCP, na "kuhitimisha" itenganishwe kabisa na "kutia kufuli" katika vitabu vya kiada. Utenganisho huo una faida ya kiutendaji, kwa kuwa kasoro ya 2016 na ile ya 2021 zote ziliingia pale ambapo aliyekuwa akifanya moja alidhani amekwisha kufanya la pili.